Sahihi ya Mwezi Ambao Haujaisha

Mkaguzi wa haki za mabaharia alipanda ngazi ya meli saa tatu asubuhi, mama mmoja mwenye viatu vizito na mkoba uliojaa karatasi. Akapewa chumba cha kulia ili azungumze na mabaharia mmoja mmoja. Wa kwanza kuitwa alikuwa mpishi, mtu mzima kuliko wote melini. Wenzake walimwita Ukoko, maana hakukubali hata punje itupwe.

Nahodha alikuwa amewapanga tangu jana. "Mkiulizwa, mmelipwa. Na wewe Ukoko, ukisema vizuri, bandari ijayo nakukatia tiketi ukamwone mama watoto."

Mkataba wa Ukoko ulikwisha miezi minne nyuma. Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo, na binti yao kila akipiga simu alikuwa na neno lilelile: baba, wahi.

"Karibu ukae, baba," mkaguzi alisema, akamvutia kiti. "Umesimama jikoni tangu alfajiri."

"Mpishi akikaa, mwanangu, sufuria zinamsema."

Mkaguzi akacheka. "Mshahara unapata?"

"Kila mwezi."

"Na mkataba?"

"Nimeongeza mwenyewe. Nyumbani kuna kelele."

Mkaguzi akafungua karatasi za mishahara. Sahihi zote zilikuwepo, safi kabisa. Kisha kidole chake kikasimama.

"Baba, leo tarehe ngapi?"

"Tisa."

"Hapa umesaini kwamba umepokea mshahara wa tarehe thelathini, mwezi huuhuu."

Ndivyo walivyozoea. Nahodha huleta karatasi za miezi mitatu kwa mkupuo, wakati wa chai, nao husaini huku wakitaniana, ili wakaguzi wakija wazikute tayari. Hakuna aliyekumbuka kuangalia miezi.

Mkaguzi hakupaza sauti. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa karibu yake. "Nyumbani kuna nani, baba?"

Ukoko aliangalia mikono yake. "Mama watoto. Anaumwa." Basi yote yakatoka: miezi saba bila hata senti, mkataba uliokwisha, tiketi aliyoahidiwa.

Siku hiyohiyo meli ikazuiliwa isiondoke. Nahodha alipita jikoni kama anapita penye ukuta mtupu. Lakini fundi wa mitambo, ambaye hajawahi kushika kisu ila cha kukatia nyaya, alikuja akamenya vitunguu ndoo nzima huku machozi yakimtoka, ili mzee apate nafasi ya kufungasha.

Siku ya tatu wenye meli wakalipa. Mkaguzi alileta tiketi mwenyewe, akamkuta jikoni. Akamnyooshea na simu yake, maana ya mzee haikushika mtandao tangu watie nanga. "Mwambie unakuja."

Binti akapokea. "Mwanangu, nimepata tiketi! Kesho jioni nipo hapo."

Simu ikachukuliwa na mwingine, dada wa mkewe.

"Shemeji. Tumemzika jana. Tumekupigia mpaka tukachoka, hupatikani."

Alisema ahsante. Ndilo neno lililomjia. Akaifuta simu kwa aproni, akairudisha kwa mikono miwili.

Mkaguzi hakuhitaji kuambiwa. "Pole, baba. Pole sana. Laiti tungeifikia meli hii mapema."

"Mlinifikia." Ukoko alizima jiko. "Miezi miwili nyuma, bandari nyingine, alikuja mwenzenu. Kijana mpole. Nahodha alikuwa ameniahidi tiketi vilevile. Aliniuliza vizuri tu, mwanangu, hata mara mbili. Nikamwambia nimelipwa."

Mkaguzi hakumwambia asijilaumu, wala kwamba hakuwa na namna ya kujua. Alivuta gunia la mchele, akaketi, naye Ukoko akaketi, bega kwa bega, na teksi iliyomngoja mzee huko chini ikapiga honi mara ya kwanza, ikapiga ya pili. Ilipopiga ya tatu, mama yule akashika kishikio kimoja cha sanduku la mzee, Ukoko akashika kingine, wakashuka ngazi polepole.