Sikio la Ng'ombe wa Kijivu

Haya niliyapata kwa Rosina, mke wa mwanangu, Jumapili moja tukipukuchua mahindi hapa nyumbani Korogwe, enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sikumkatiza. Mahindi yalikuwa mengi.

Kiwanda cha viatu alikofanya kazi kilikuwa kimepata mwenye mali mpya, na wateja wake wa ng'ambo hawakutaka ngozi za ng'ombe wa wizi. Basi meneja akaweka sharti: ngozi ije na masikio yake. Wafugaji wa Handeni huwakata ng'ombe masikio, kila ukoo na alama yake, kwa hiyo sikio ndilo shahidi. Rosina ndiye aliyekagua. Ngozi ikija bila masikio, jina la mwenyewe huandikwa ubaoni getini, ngozi zake zisinunuliwe tena.

Jina la Sinyati, mama mfugaji wa huko Mkata, likaandikwa. Madereva wakalisoma, wakalitembeza.

Alhamisi saa tatu mama huyo akashuka kwenye basi la Mkata, akaja moja kwa moja.

"Wewe ndiye uliyeniandika mwizi?"

"Ngozi zako tatu hazikuwa na masikio."

"Hata shikamoo hunipi? Mwizi naye ana umri wake."

Rosina akaona haya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zilitoka kwangu na masikio. Nilimpa Kibwana wa lori azilete. Sasa sokoni wanawake wanavuta mbuzi wao nikipita, na wakwe wa binti yangu wamenyamaza. Posa imesimama."

Rosina hakumwamini. Kibwana naye huuza ngozi zake pale, na hazijawahi kukosa sikio. Hata hivyo akampeleka ghalani, akimchunga mikono.

Sinyati akapapasa masikio ya ngozi za Kibwana moja moja, akasimama kwenye ya kijivu.

"Sikio hili ni la ng'ombe wangu."

"Kibwana alisema aliinunua kwenu."

"Sijamuuzia hata kwato. Na ngozi hii si ya ng'ombe wangu. Wangu alikuwa na kovu la fisi pajani. Iloweke. Ngozi kavu inaficha mengi."

Wakaitumbukiza kwenye pipa, wakakaa kila mtu upande wake. Rosina aliwaza: nikiondoka, huyu atalikata sikio. Sinyati naye aliwaza: nikiondoka, huyu ataificha ngozi.

"Nenda ukanywe chai, nitalinda," akasema Rosina.

"Nenda wewe."

"Sina kiu."

"Nami sina njaa."

Saa sita haja ikambana Rosina. Akajikunyata.

"Nenda, mwanangu. Nitafumba macho."

"Ukifumba ndiyo utanitia wasiwasi zaidi!"

Mwisho wakaenda chooni wote wawili, wameibeba ile ngozi inayochuruzika, mmoja kichwani, mmoja mkiani. Vijana wa ghala walicheka mpaka wakaketi chini.

Saa nane ngozi ikalainika. Sinyati akavuta sikio kidogo tu. Likatoka, na uzi wa katani ukining'inia. Wakakwangua mashina ya masikio ya ngozi nyingine mbili za Kibwana. Nazo zilikuwa zimeshonwa, mshono umepakwa mafuta na majivu. Kibwana alikata masikio ya ngozi za Sinyati njiani, akayashonea zake za wizi.

Meneja akaitwa. "Nani alizipitisha hizi?"

"Mimi," akasema Rosina.

Meneja akamtazama sana, kisha akafuta jina la Sinyati, akaandika la Kibwana.

"Hiyo haitoshi," akasema Sinyati. "Mkata hawauoni ubao wenu. Leo ni siku ya soko. Huyu aliyeniandika aje aseme kwa mdomo wake."

Akamshika Rosina pindo la kanga, hakuliachia mpaka Mkata.

Walikuta watu bado wamo. Rosina akasimama kati ya mafungu ya muhogo, akasema kwamba mama huyu si mwizi, yeye ndiye aliyekosea.

Mwanamke mmoja akauliza, "Amekupa nini useme hivyo?"

Rosina akafungua mkoba. Akatoa lile sikio, na uzi wake. Likapita mkono kwa mkono. Wazee wakaangalia alama, wakaangalia mshono, wakatema mate kwa hasira. Ndipo mama wa mchumba akamsogelea Sinyati, akamwamkia, akauliza ng'ombe wa posa waje lini.

"Waje na masikio," akasema Sinyati, na soko zima likaangua kicheko.

Rosina akapanda basi la kurudi. Alisema nauli alitoa mwenyewe, tena kwa furaha. Kabla basi halijafika Kabuku alikuwa amelala.