Kosea Kwenye Ng'ombe

Mwalimu wa darasa la jioni hakuzaliwa mwongo. Uongo alifundishwa na fomu.

Mfuko uliolipia chumba chao, stoo ya zamani nyuma ya karakana ya seremala, uliandika wazi kwenye fomu kwamba fedha ni za watoto wasiojua kusoma. Mwaka uliopita darasa la mtaa wa pili liliwaonyesha wakaguzi watoto wanaosoma kama maji. Wakapigiwa makofi, na mwezi uliofuata wakafungiwa mlango: kazi imekwisha, hongereni. Yaani mti ukizaa, wanaukata! Yeye alikuwa na watoto ishirini na sita, wengi wao bado wanapigana na irabu. Chumba kikifungwa, kwao ndiyo basi tena.

Ndipo akamwita Kasuku, binti wa miaka tisa aliyepewa jina hilo kwa sababu alisoma kwa sauti kila alichokiona: mabango, vifuko vya sabuni, hata onyo kwenye nguzo ya umeme.

"Kesho mgeni akija, usisome vizuri sana."

"Nikosee wapi, mwalimu?"

Swali hilo pekee lingemtosha mtu mwenye haya. Yeye akafungua kitabu, macho makavu.

"Hapa. Kosea kwenye ng'ombe. Soma kama vile hukioni hiki kialama cha juu."

"Lakini ulisema asiyekiona hicho bado hajajua kusoma."

"Ndiyo maana. Ni kwa ajili ya wenzako."

Kesho yake mkaguzi akaja, mama mpole mwenye faili, akaketi kwenye benchi pamoja na wazazi. Mama yake Kasuku alikuwapo. Alikuwa mfua nguo wa majumbani, hajawahi kukaa darasani hata siku moja, na siku hiyo alivaa gauni lake la kutokea, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba anakwenda kumsikiliza mwanawe akisoma.

Kasuku akasimama. Alikuwa mwanafunzi mtiifu, na akifundishwa jambo hulishika.

"Ngo... ngo-mbe wa jirani ali... alingoa mche..."

Watoto wakaangua kicheko. Mgeni akaandika. Mwalimu alitaka kufurahi lakini furaha haikuja, kwa sababu alikuwa akimwona mama yake Kasuku. Uso ulikuwa umemshuka.

"Umenitia aibu," mama alimnong'oneza mwanawe, na chumba kizima kikasikia. Kisha akashtuka kama mtu aliyekumbuka jiko linawaka. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa chupa ya dawa, akamnyooshea mgeni.

"Dada, samahani. Hebu nisomee hapa. Ni huyu aliyenisomea. Leo siku ya nne nampa mdogo wake."

Mgeni akaisogeza chupa karibu na macho. "Nusu kijiko kidogo, asubuhi na jioni. Tikisa kwanza. Isizidi siku tano."

"Ndivyo alivyonisomea," mama akasema polepole. "Neno kwa neno. Sasa hapa amekwama vipi?"

Wote wakamgeukia Kasuku. Kasuku akamgeukia mwalimu, akisubiri ruhusa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu bado alikuwa na hatua moja mbele yake: angeweza kusema mtoto ameogopa wageni. Maneno yalimfika hadi kwenye ulimi. Akaona yule binti amefumba midomo, amembebea uongo wake na yuko tayari kuendelea kuubeba, na akatamani ardhi ipasuke.

"Anajua," akasema. "Anawashinda wote. Mimi ndiye niliyemwambia akosee. Tuliogopa mta... Niliogopa mtatufungia."

Kalamu ya mgeni ikasimama. Hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi kuliko matusi. Alisema tu kwamba atapeleka alichokiona, na wakubwa wake ndio watakaoamua.

Mama yake Kasuku akainama mbele ya mwanawe, mtoto mgongoni akayumba.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekusema mbele za watu, kumbe huna kosa."

"Si kitu, mama." Kasuku akamfuta jasho la paji kwa kiganja. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja zamu ya kwenda ubaoni, "Bado mwalimu."

Mwalimu alikuwa amesimama na chaki mkononi, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, ametanguliwa na mwanamke asiyejua a wala be. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Nisamehe, mwanangu."

Kasuku alimchunguza usoni, akamtupia jicho mama wa faili, akarudi kwake.

"Hiyo ni ya kweli, mwalimu," akauliza, "au ni ya mgeni?"