Mstari wa Tisa

Fomu ya ubatizo ilikuwa na mistari tisa. Minane niliijaza nimesimama, nimeegemea cherehani ya Mama. Wa tisa ulinikalisha chini: Tarehe ya kuokoka.

"Andika tarehe mbili Machi," Mama alisema bila kuinua macho. Alikuwa anashonea nati ndogo za chuma kwenye pindo la kanzu nyeupe, ili nikishuka kwenye birika la ubatizo isielee na kuniaibisha mbele ya kanisa zima. "Ulikuwa na miaka minne. Ulipiga magoti hapo hapo kwenye mabaki ya vitambaa, nikakuongoza sala. Nimeandika kwenye Biblia yangu."

"Minne?" Baba, shemasi na fundi wa redio, alicheka kutoka mezani kwake upande wa pili wa chumba. "Mtoto anavaa viatu kinyume, atatubu nini? Aliokoka kwenye kambi ya kanisa, Agosti, ana miaka tisa. Alilia mpaka makamasi. Na mimi nimeandika kwenye yangu."

"Alilia kwa sababu ya jino, Baba watoto."

"Basi jino na roho vilitoka siku moja. Mungu anashindwa?"

Nyumba moja, Biblia mbili, tarehe mbili za roho moja, na miaka yote hiyo hakuna aliyechungulia ya mwenzake. Wala hakuna aliyeniuliza mimi. Sala ile nimeisali mara nyingi kuliko wanavyojua. Kila mhubiri akiuliza, "Una hakika?", niliirudia kimoyomoyo, kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango. Mwaka jana niliisali katikati ya mtihani wa kemia. Ipi ilipokelewa? Sikumbuki hata asubuhi moja niliyoamka simjui Yesu. Hiyo ndiyo afya, au ndiyo ugonjwa wenyewe? Jirani yetu kinyozi, ambaye tungebatizwa naye, alikuwa na ushuhuda mtamu: pombe, mahabusu, mwezi, siku, mpaka saa. Mimi nilikuwa na mistari ya Biblia ya kukariri na nidhamu nzuri.

Mstari wa tisa nikauacha wazi.

Jumamosi mchana niliitwa kuhojiwa. Ofisi ya kanisa ilikuwa imejaa viti vya plastiki vilivyopandishwa juu ya vingine. Mchungaji alikaa katikati, Baba kulia kwake, Mama Katibu kushoto na kalamu yake. Mama yangu alikaa karibu na mlango, kanzu imekunjwa mapajani.

"Binti," Mchungaji alisema kwa upole, "imani ya baba yako hatuwezi kukuvika wewe. Ndiyo maana hatubatizi watoto wachanga. Lazima kuna siku wewe mwenyewe ulivuka. Ilikuwa lini?"

"Sijui."

Kalamu ya Mama Katibu ilisimama. "Hujui kama umeokoka?"

"Sijui lini. Kumwamini namwamini. Ila siku ambayo sikumwamini siioni."

"Andika Agosti, twende nyumbani," Baba alininong'oneza.

"Niandike ya kubuni, Baba, ili nibatizwe kwa kweli?"

Mchungaji alivua miwani. "Lakini mwanangu, kama hukuwahi kupotea, umeokolewa kutoka wapi?"

Swali lile lilinivuruga kabisa, kwa sababu lilikuwa la haki. Nililizungusha kichwani, nikakuta limesimama juu ya kaburi.

"Mdogo wangu alikufa ana miaka mitatu," nilisema. "Ulisimama mbele ya jeneza ukasema yuko kwa Bwana. Nani aliuliza tarehe yake?"

"Yule hakuwa amefikia umri wa kujua jema na baya," Mchungaji alijibu taratibu.

"Sawa. Mimi niliufikia lini? Maana basi kuna usiku nililala nikiwa wa Mungu, asubuhi nikaamka nimepotea. Nikanywa chai. Mama akanisuka nywele. Na nyote mliomo humu hamkuona tofauti?"

Mama aliinuka. Aliiweka kanzu juu ya kiti, akatoka, na dirishani nikaona mabega yake yakitikisika.

Baba aligonga meza. "Umemtonesha mama yako kidonda! Umemkosea Mchungaji! Omba radhi sasa hivi, kesho ubatizwe, yaishe."

Mchungaji alikuwa anautazama mstari wa tisa kama aliyeusoma kwa mara ya kwanza. Nami sikujua kama nilichouliza kilitoka kwenye imani au kwenye kiburi.

"Kwa Mama nakwenda sasa hivi, nitamshika mkono," nilisema, nikiiacha fomu mezani. "Lakini radhi ya kuuliza siombi, Baba. Kesho mnibatize au msinibatize. Siombi."