Waya Ukutani kwa Bi Virtudes

Thelma Bebb alinikuta nje ya duka la mikate, mdomo umejaa, akasimama mbele ya gari langu la kazi na kugoma kunipisha.

“Ginés, wametukatalia waya tena,” alisema. “Mara ya pili hii! Fundi amekuja, ameangalia ukuta, amepiga picha, ameondoka. Halafu naletewa ujumbe: kazi imefungwa, jirani hakubali.”

Nilijua. Mara zote mbili alitumwa fundi mwingine, nami nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Jirani aliyekuwa hakubali ni Bi Virtudes, na Bi Virtudes ndiye aliyenilisha chakula cha mchana utoto wangu wote, wakati mama yangu akichuma nyanya kwenye mabanda ya plastiki kule pwani.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo ukiliangalia kwa macho ya fundi. Nyumba ya kina Bebb ndiyo ya mwisho katika mtaa wao, imeshikana na ya Bi Virtudes, na baada yake ni korongo. Kisanduku cha faiba, ile intaneti ya waya, kiko kwenye kona, upande wa pili. Waya hauwezi kufika kwa Thelma bila kupita mita tisa kwenye ukuta wa mbele wa Bi Virtudes, na kampuni haigusi ukuta wa mtu bila sahihi yake. Halmashauri nayo ilikuwa imemaliza kutandika mawe barabarani mwaka uliopita, kwa hiyo habari ya kuchimba ulikuwa huwezi hata kuitaja.

“Ongea naye wewe,” Thelma alisema. “Wewe anakupenda. Mimi hanisalimii mwaka wa nne huu. Nikisema habari za asubuhi, anaangalia paka.”

“Ile intaneti ya antena haiwatoshi?”

“Picha inaganda. Mtu anabaki mdomo wazi dakika tano kama samaki. Na si kwa ajili yangu, Ginés. Mimi nina vitabu vyangu. Ni Idwal.”

Hapo akaacha kunizuia, akaja kusimama karibu na dirisha la gari. Nilifunga nyaya Uingereza miaka mitano nikiwa kijana, kwa hiyo Waingereza wa bonde lote la Almanzora, hapa kusini mwa Hispania, huniletea mimi shida zao, na nimezoea kuwasikia wakilalamika. Siku ile Thelma hakuwa analalamika.

Mumewe Idwal alizaliwa milimani huko Wales, kwenye nyumba ya wafuga kondoo ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya shuleni tu. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda Birmingham kuendesha malori, akamwoa Thelma, wakazungumza Kiingereza miaka arobaini na sita. Walipostaafu wakahamia kwetu, naye akajifunza Kihispania cha baa na cha dukani, kizuri kuliko cha mkewe. Oktoba kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi kiasi, mkono ulirudi kiasi, ila maneno yaliyorudi yalikuwa ya Kiwelshi peke yake.

“Namwelewa kwa macho,” Thelma alisema. “Anataka maji, anaumwa, hayo najua. Mengine sijui. Kila siku ananiambia foni, foni. Nasikia ile foni ya Kiingereza, nampa simu. Anaitupa. Nimenunua nyingine, kaitupa hiyo pia. Daktari anasema asikie lugha yake kila siku, itamsaidia. Nitampata wapi Mwelshi hapa? Lakini kuna televisheni yao, iko mtandaoni, mchana kutwa Kiwelshi. Nahitaji tu waya.”

Nilimwambia nitakwenda kuongea na Bi Virtudes. Nikaondoka na gari, na nilipofika kwenye kona nikasimama, kwa sababu nilijua kitu ambacho Thelma hakukijua.

Nilijua ni kwa nini hasalimiwi.

Miaka minne nyuma, mwezi wa Januari, alifariki Eusebio, mume wa Bi Virtudes. Kina Bebb walikuwa wamekwenda kwao kwa Krismasi. Walirudi siku ya nane baada ya mazishi, na kesho yake wakaniita nikawafungie dishi jipya kwenye baraza lao la juu ya paa, maana marafiki zao walikuwa wanakuja kutazama mechi ya raga. Nikafunga dishi. Wageni wakaja, bia ikafunguliwa, wakaniambia kaa, nikakaa. Wales ilishinda. Idwal alisimama juu ya kiti akaimba kwa sauti iliyolijaza bonde zima, wenzake wakamwitikia, wakapiga makopo, wakaruka. Na ng’ambo ya ukuta, chini yetu kabisa, madirisha yalikuwa yamefungwa na Bi Virtudes alikuwa amekaa gizani na dada zake wakisali rozari ya siku ya tisa.

Mimi nilikuwa nimelibeba jeneza la Eusebio begani. Nilijua. Nilikuwa na bia mkononi, nikajiambia mechi itaisha sasa hivi, nitamwambia Idwal kesho. Kesho sikumwambia. Baada ya wiki niliona aibu kwamba sikusema mapema, na baada ya mwaka ilikuwa kama halikutokea. Bi Virtudes aliamini kwamba wageni wale walijua msiba wake wakauchezea ngoma. Kijiji kizima kiliamini hivyo. Mimi nilinyamaza.

Nikageuza gari, nikaenda kugonga.

“Ginesico!” Ananiita hivyo tangu utotoni, ingawa nina miaka arobaini na mbili na kitambi. “Umekuja kula au umekuja na ile karatasi?”

“Karatasi, Bi Virtudes.”

“Basi rudi ulikotoka. Nimeshawaambia wenzako wawili. Ukuta wangu sipitishi uchafu wa watu.”

“Bi Virtudes, hawakujua.”

“Hawakujua nini?”

“Habari ya mzee Eusebio. Walikuwa wametoka safari. Hakuna aliyewaambia.”

Alikuwa akimenya maharagwe. Akaendelea kumenya. “Na wewe umejuaje kwamba hakuna aliyewaambia?”

Ningeweza kudanganya. Nilikaribia kudanganya. “Kwa sababu nilikuwa kule juu,” nilisema. “Nilifunga dishi. Nikabaki.”

Akaacha kumenya. Mama huyu hupiga kelele akikukuta umekanyaga sakafu iliyopigwa deki. Siku ile hakupiga kelele.

“Ulimbeba Eusebio begani,” alisema taratibu, “halafu ukaenda kunywa bia juu ya kichwa changu.”

“Ndiyo.”

“Miaka minne unakula hapa Jumapili.”

“Ndiyo.”

“Toka.”

Nikatoka. Karatasi ilibaki juu ya meza yake, na sikuwa na ujasiri wa kurudi kuichukua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Thelma nikamweleza yote, nimesimama mlangoni, kwa sababu sikuona haki ya kukaa. Uso wake ulibadilika rangi. Nilidhani atanifukuza yeye pia. Alivua aproni, akajitazama kwenye kioo cha ukumbini, akasema, “Nifundishe kusema samahani. Ile ya kweli, siyo ya mtu aliyekukanyaga sokoni.”

Nikamfundisha. Akairudia mara tatu, akatoka. Alinikataza nisimfuate, lakini nyumba zile zimeshikana na mlango wa Bi Virtudes ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia.

“Mimi sijua,” Thelma alisema kwa Kihispania chake kilichovunjika. “Mume wako kufa, mimi sijua. Sisi kuimba. Vibaya sana. Mimi omba samahani. Miaka minne imechelewa.”

Halafu sauti ya Bi Virtudes: “Yule mwimbaji yuko wapi? Aje mwenyewe.”

“Hawezi kuja. Mgonjwa.”

“Mgonjwa wa nini? Namsikia anaongea mchana kutwa.”

“Njoo ona,” Thelma alisema. Nikasikia kiti kikisogezwa, na muda si muda wakatokea wote wawili, Bi Virtudes mbele, kavaa viatu vya nyumbani, akanipita pale mlangoni kana kwamba mimi ni mwavuli.

Idwal alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa mtu mkubwa, na sasa nguo zilikuwa zimemzidi. Bi Virtudes alijiweka sawa mbele yake, mikono kiunoni, amejitayarisha kusema aliyoyahifadhi miaka minne. Kabla hajaanza, Idwal alimwona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaanza kuongea. Aliongea sana. Alionyesha korongo, akaonyesha mlima, akauliza kitu, akasubiri jibu, akauliza tena kwa upole zaidi. Kilikuwa Kiwelshi kitupu.

Bi Virtudes akamgeukia Thelma. “Anasema nini?”

“Sijui.”

“Hujui vipi? Mume wako huyu.”

“Sijui,” Thelma alisema tena. “Maneno yake ya mtoto. Mimi sina maneno hayo. Yeye sema, sema, mchana wote, na mimi sijua.”

Nilimwona Bi Virtudes akitafuta kiti kwa mkono wa nyuma bila kuangalia, akakaa. Alimtazama Idwal, akamtazama Thelma. “Eusebio wangu hakuwa mwongeaji,” alisema hatimaye. “Maneno kumi kwa siku, na manne ni ya kuulizia chakula. Lakini yote kumi niliyaelewa.” Akajifuta pua kwa kona ya aproni. “Kumbe huyu mama anaishi na mtu aliye ng’ambo.”

Kisha, bila kunitazama: “Mwulizeni yule pale mlangoni kalamu iko wapi, nitie sahihi. Na atoboe kwa adabu. Ukuta nimepaka chokaa kabla ya Pasaka. Na asiguse kigae chenye picha ya Bikira Maria.”

Nilifunga waya ule Alhamisi. Nimefunga maelfu, na sijawahi kufunga mwingine kwa unadhifu ule. Niliupitisha chini ya ukingo wa paa, nikaupaka rangi nyeupe, nikazunguka mbali na kigae cha Bikira. Saa nane mchana kisanduku kikawaka taa ya kijani. Thelma akafungua televisheni ya Kiwelshi, akachagua kipindi cha kwanza, na skrini ikatuambia kwamba kipindi hicho hakitazamwi katika nchi tuliyopo. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu pia.

“Nitaivunja,” alisema Thelma kwa utulivu.

“Subiri, mama. Si vyote vimefungwa.”

Tulijaribu upishi, kwaya, habari za jana. Cha saba kikafunguka: mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo. Uwanja wa kijani, mvua nyepesi, mbwa mweusi amelala kwenye majani, na mtangazaji mwenye sauti nzito akieleza taratibu. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza.

Idwal alinyanyua kichwa. Halafu mbwa akakosea, akawakimbilia kondoo upande usiofaa, na Idwal akaanza kumgombeza. Alimgombeza vibaya sana, mate yakaruka. Mtangazaji akasema jambo, Idwal akamjibu. Mtangazaji akatania, Idwal akacheka kicheko ambacho Thelma alikuwa hajakisikia tangu Oktoba. Thelma alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, anasoma maandishi, midomo yake ikicheza.

Ghafla akasema, “Rudisha nyuma.”

Nikarudisha. Mchungaji alikuwa amefika kwenye zizi, anasukuma lango kwa kile alichokishika mkononi. Mtangazaji akasema neno, nasi sote wawili tukalisikia wazi: foni. Maandishi yakasema: fimbo.

Thelma alisimama. “Fimbo,” alisema. “Fimbo ya baba yake. Ile yenye kichwa cha pembe. Hospitali walimpa kile kitembezi cha chuma, nikaiweka stoo. Miezi saba, Ginés! Miezi saba ananiomba fimbo yake, na mimi nampa simu!”

Alikimbia stoo. Nilisikia ndoo zikianguka. Akarudi nayo, ina vumbi na utando wa buibui, akaiweka mikononi mwa mumewe. Idwal hakuinuka wala hakutembea. Aliilaza juu ya magoti, akaipapasa kichwa chake cha pembe kwa kidole gumba, akasema neno moja kwa Thelma, kisha akarudi kutazama mbwa. Neno hilo Thelma alilijua. Lilikuwa katika yale manne matano aliyowahi kufundishwa wakati wa uchumba. Alikwenda jikoni akafungua bomba, na maji yalimwagika muda mrefu bila chombo chochote kuoshwa.

Idwal aliishi mwaka mmoja na miezi mitano baada ya hapo. Kiingereza hakikurudi. Thelma alijifunza Kiwelshi kwa mbwa, kwa upishi na kwa utabiri wa hali ya hewa, akiandika kwenye daftari, na kufikia mwisho walikuwa wanaweza kugombana kidogo. Bi Virtudes alikuwa akienda kukaa na Idwal Jumanne, Thelma akienda sokoni. Yeye alizungumza Kihispania, Idwal Kiwelshi, na aliniapia baadaye kwamba walikuwa wakielewana kuhusu kondoo.

Mimi nilisamehewa mwisho kabisa. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa sipewi hata maji. Kisha, baada ya mazishi ya Idwal, Bi Virtudes alipiga simu kampuni akaomba faiba yake mwenyewe, akasisitiza aletewe fundi yeyote isipokuwa Ginés. Wakamwambia wiki hiyo yuko Ginés tu. Alinifungulia mlango bila salamu, akanionyesha ukuta kwa kidevu. Nikaweka ngazi, nikapanda. Nilipokuwa katikati ngazi ikayumba kwenye yale mawe mapya ya halmashauri, halafu ikatulia. Nikaangalia chini. Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, uso kaugeuzia upande mwingine.

“Fanya kazi,” alisema. “Chakula kinapoa.”