Matango Yaliyolala Bucha

Yalitoka kwenye friji la bucha yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Nilichukua moja nikalivunja katikati, likatoa mlio mkavu, mzuri. Nikamwambia mwenye bucha, "Unaona? Na wifi yangu angeyalaza chini ya kitanda!" Tukacheka wote wawili, mimi zaidi. Saa mbili asubuhi mpishi wa hoteli akapokea kreti zake mbili, akanisifu, nami nikazipokea sifa zote bila kumbakizia mtu.

Kufika saa saba mchana matango yale yalikuwa yanatoka maji.

Niseme mapema kwamba nyumbani kwetu mimi huitwa Redio, kwa sababu sina swichi ya kuzima. Naongea nikiulizwa, naongea nisipoulizwa. Ndiyo maana kazi ya kuuza sokoni ilikuwa yangu tangu usichana wangu, na ndiyo maana watu hawaamini nikiwaambia kwamba niliwahi kuwa na jambo la kusema nikalimeza siku mbili nzima.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuja kwetu na sanduku moja la nguo na bahasha ya mbegu. Kabla ya kuolewa alikuwa kibarua kwenye shamba la mboga, na huko ndiko alikojifunzia kulima matango hayo madogo, yasiyozidi kidole cha kati, yenye ngozi laini, ambayo hata mbegu zake huzioni. Aliomba kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Kipande hicho kilikuwa cha mchicha wa mama. Mama alikizunguka mara mbili kama anayekiaga, kisha akasema, "Msimu mmoja tu, mwanangu. Yakishindikana, mchicha wangu unarudi, na maneno haya tusiyarudie." Wifi akajibu, "Nimekubali, mama." Hakuwa na kingine pale nyumbani cha kukiita chake. Vyombo vilikuwa vya mama, viti vya kaka, na kelele zote zangu.

Kazi ya vitango huijui mpaka uilale na uiamke. Tango la kawaida ukilisahau siku mbili linanenepa, unamshukuru Mungu. Hivi ukivisahau siku moja vimeshakuwa vigogo, na mpishi havitaki. Basi wifi alikuwa anaamka kabla ya jua, anapita mstari kwa mstari, anainua kila jani. Sisi tumelelewa tukiambiwa kuchuma tunda changa ni dhambi, kwa hiyo tulimtazama tu. Mama alikuwa anaguna dirishani: "Jamani, waacheni watoto wa watu wakue!"

Akishachuma, haoshi. Anayapanga kwenye kreti, anayafunika kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, anazisukuma kreti uvunguni, kwenye sakafu ya saruji, mbali na ndizi na nyanya. Alinieleza mara ya kwanza kwa upole kabisa: ndizi mbivu huyageuza njano, na baridi kali huyaua. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bidhaa ya hoteli inalala uvunguni! Nikamuuliza kama huwa anayaimbia pia.

Jumanne moja, nikiwa nimeshafika sokoni na kreti zangu, mpishi akatuma ujumbe kwamba atachukua mzigo Ijumaa. Joto la wiki ile lilikuwa la kukaangia. Mtu mwenye akili angeyarudisha nyumbani. Mimi nikatazama ng'ambo, nikaona friji la bucha, lile la kuhifadhia nyama, nikajiambia, kitu gani duniani kimewahi kuharibikia kwenye friji?

Jioni wifi akaniuliza, "Umeyaweka wapi?"

"Stoo ya soko," nikasema. "Pana kivuli, tulia."

Ulikuwa uongo mdogo tu, wa kuepuka somo jingine.

Ijumaa ile niliyosifiwa asubuhi, alasiri yake mpishi akanifuata sokoni, akasema nimpeleke kwa anayelima. Uani kwetu akaimwaga kreti moja chini. Matango yalikuwa na vishimo vishimo, kama yametobolewa na sindano, na yalikuwa yameloa, yamelegea. "Asubuhi yalikuwa mazima," akasema. "Haya yana ugonjwa wa ndani. Dada, umeyapulizia nini?"

Wifi alichuchumaa akaokota moja. "Sijapulizia kitu." Akalinusa. "Sijui, baba. Sijawahi kuyaona hivi."

"Basi usiniletee tena mpaka ujue."

Kaka akasema labda ni maji ya kisima. Mama alitazama tu kile kipande chake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, pochi kwapani. Sentensi moja ingetosha. Niliogopa kuchekwa, basi, hakuna sababu nyingine niliyoipata tangu siku hiyo. Miaka yote ile nilikuwa ndiye mjuzi wa soko katika familia, na nilishindwa kuwa mjinga kwa dakika moja.

Jumamosi yote wifi alikuwa bustanini. Aligeuza majani, akaonja maji, akachimbua udongo akaunusa. Chakula cha mchana hakula. Nilimpelekea chai, akaniambia, "Ahsante, wifi yangu, wewe una moyo." Nikarudi ndani haraka.

Jumapili asubuhi nikasikia kitu kinachanika. Nilipotoka nilimkuta ameshang'oa mistari minne na nusu. Mimea ilikuwa imelazwa chini na kamba zake, maua ya njano yakiwa bado wazi na vitango vimening'inia. Alikuwa anafanya kazi kwa utaratibu, bila kulia. "Ni ugonjwa," akasema. "Usipotolewa utahamia kwa majirani. Na mama ana haki na mchicha wake."

Nikamwambia. Yote, friji, uongo, kicheko na mwenye bucha. Maneno yalinitoka ovyo ovyo, tena nikaongeza samahani ishirini.

Alisimama ameshika shina mkononi, mizizi ikidondosha udongo kwenye miguu yake.

"Ungesema jana," akasema. "Jana mimea yote ilikuwa imesimama."

Kisha akaniambia niende ndani nikawaambie mama na kaka sasa hivi, yeye akiwa na mikono hiyo hiyo michafu. Nikaenda. Kaka alinitukana vizuri, na nilimshukuru. Mama alichukua jembe, akatoka bila viatu, akaanza kulainisha mistari. "Mbegu zimebaki?" akamuuliza mkwewe. Zilikuwa zimebaki chache. Mchicha haukutajwa tena. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa mpishi nikajieleza mbele ya wasaidizi wake wote, na walicheka kama nilivyoogopa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai.

Imepita miaka tisa. Wifi sasa analima vipande vitatu, na mpishi bado ananunua. Ninayeuza ni mimi. Asubuhi ananikabidhi kreti, jioni anakuja mwenyewe kuchukua zilizobaki. Hajawahi kunirushia neno. Tunacheka, tunasukana nywele, mtoto wake wa kwanza amelelewa mgongoni kwangu.

Mwaka jana alikwenda kujifungua wa pili, na siku hiyo kreti mbili za hoteli zilikuwa zimeshajazwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu namenya viazi. Akatokea, mkono mmoja kiunoni, kaka nyuma yake amebeba kreti zote mbili. "Niombee, wifi yangu," akasema, akaniinamia, akanikumbatia kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka. Kisha wakavuka uani, wakabisha hodi kwa jirani, wakaziacha kreti zilale huko.