Alhamisi ya Rhoda

Mji wetu wa Caldershaw ni mji wa viwanda vya pamba, na kila mwaka mwezi wa Julai viwanda vyote hufungwa wiki moja, kwa pamoja. Moshi unakatika. Ukisimama mlangoni unaviona vilima ambavyo mwaka mzima ulikuwa umesahau kwamba vipo. Mwuza mikate anafunga, mwuza nyama anafunga, na watu wanabeba masanduku kwenda Blackpool kukaa ufukweni na majirani walewale waliokuwa nao jana yake. Anayetaka kuoa bila kukatwa mshahara anaoa Jumamosi inayofungua wiki hiyo. Fungate lake ndilo hilo.

Mjukuu wangu Rhoda hakuitaka Blackpool.

"Bibi, nimesimama mashine moja na Mavis tangu nilipotoka shule. Siendi kulala fungate chumba kinachopakana na chake."

"Kwani Mavis anakoroma?"

"Mavis anasikiliza."

Basi akanunua ramani ya milima ya Yorkshire. Aliitandaza juu ya meza yangu ya jikoni, akaigandamiza pembe zake kwa birika, bakuli la sukari, chupa ya siki na kibweta cha miwani yangu. Alikuwa amepata nyumba ya mkulima ambaye mkewe hukodisha chumba, na kiamsha kinywa juu yake. Norman, mchumba wake, alikuwa na kigari cha kijani alichonunua kwa mjomba wake, kigari cha milango miwili, bampa ya mbele imefungwa kwa waya. Kila asubuhi wangetoka na chupa ya chai na sandwichi, na jioni wangerudi kulala palepale. Jumatatu maporomoko ya maji. Jumanne pango. Jumatano mji wenye soko la jibini.

"Na Alhamisi hapa," akasema, akaweka kidole Thornbeck, asikiondoe.

Thornbeck ndiko aliko mama yake. Binti yangu Hilda alifia huko wakati wa vita, katika hospitali ya kifua kikuu, Rhoda akiwa na miaka minne. Petroli ilikuwa ya mgao, hapakuwa na gari la kumrudisha, tukamzika hukohuko chini ya ukuta wa kanisa. Nilimpeleka Rhoda mara moja tu, alipokuwa mdogo. Anachokumbuka ni kondoo aliyeruka ukuta akayala maua yetu nasi tumesimama tunamtazama.

"Nitampelekea shada langu la harusi," akasema. "Nataka Mama anione nimeolewa. Tutashinda hapo, tule hapohapo. Siku nyingine zote achague Norman."

"Sawa, mpenzi," akasema Norman. Norman hakuwa kijana mbaya. Tatizo lake ni kwamba alikubaliana na yeyote aliyesema mwisho.

Nao baada ya fungate wangekwenda kukaa kwa mama yake Norman, chumba cha juu, mpaka halmashauri iwape nyumba. Ngazi za nyumba ile zinalia kila ukikanyaga, na Bi Entwistle analala mlango wazi. Kwa hiyo wiki ile ndiyo ilikuwa wiki yao.

Jumapili moja Bi Entwistle alikuja kunywa chai. Alikuwa mjane, na Norman ndiye mtoto wake pekee. Nilitoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu na keki ya mbegu. Akakaa, akashika goti, akaitazama ile ramani, akashusha pumzi.

"Mtafurahi sana. Mimi nitakuwa hapa na paka. Mtaa mzima hakuna hata jirani wa kumgongea ukuta."

Hapo ndipo Rhoda alipofanya kosa, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu yeyote angelifanya. Akasema, "Pole, mama mkwe. Ungependa kuja nasi siku moja?"

Kwetu mwaliko wa namna hiyo hutolewa ili ukataliwe. Mwenyeji anasema karibu, mgeni anasema hapana, sitaki kuwasumbua. Mwenyeji anasema si usumbufu hata kidogo, mgeni anasema basi labda mwakani, na wote wawili wanakunywa chai yao wakiwa na amani. Hata watoto wadogo wanajua.

Bi Entwistle akaweka kikombe chini. "Ningependa sana," akasema.

Nikamwona Rhoda anatazama sukari.

"Ila siku moja kwenda na kurudi, kwa goti hili!" akaendelea Bi Entwistle. "Huyo mke wa mkulima hana chumba cha pili?"

"Anacho," akasema Norman. "Kile kidogo, karibu na chetu."

"Kidogo kinanitosha. Mimi si mtu wa makuu."

Jumapili iliyofuata alikuja tena, safari hii na miwani yake ya kusomea. Maporomoko ya maji yakafutwa, kwa kuwa njia yake ina mawe. Pango likafutwa, kwa kuwa lina baridi. Akauliza kama kiti cha mbele cha gari kinasogea nyuma.

"Nikikaa nyuma natapika. Rhoda bado kijana, hatajali."

"Sitajali," akasema Rhoda.

"Na Alhamisi tutakwenda kwa Gladys. Binamu yangu ana duka la kofia Wharfeton, na huko maduka yanafungwa Alhamisi mchana. Siku nyingine hana nafasi."

Nilikuwa nakata keki. Kisu nikakiacha humohumo ndani.

"Alhamisi ni ya Thornbeck," Rhoda akasema polepole. "Kwa Mama."

Bi Entwistle akamgeukia mwanawe. Norman akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka wote wabaki marafiki.

"Aa, lakini mama yako yuko palepale, Rhoda," akasema. "Haendi popote. Gladys ndiye wa kuwahi."

Saa yangu ya ukutani ina kelele, na siku ile ilikuwa na kelele kweli. Rhoda akachukua kipande cha keki, akakiweka kwenye sahani ya Bi Entwistle.

"Si kitu," akasema. "Tutakwenda siku nyingine."

Na kwetu mtu akisema si kitu, imekwisha. Hairudiwi.

Walipoondoka nilimkuta Rhoda anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Mwambie," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Si mimi niliyemwalika?"

"Ulimwalika kwa adabu."

"Naye alikubali bila adabu. Nitamshitaki wapi?"

"Basi mimi nitamwambia."

"Bibi, tafadhali." Mikono yake ilikuwa imejaa povu. "Wewe utasema, utavaa kofia yako, utarudi nyumbani. Mimi nitakuwa juu ya zile ngazi."

Akajifuta mikono, akaikunja ramani. Ramani za namna ile hazikubali kukunjwa, lakini aliikunja mkunjo kwa mkunjo mpaka ikawa kama ilivyotoka dukani, akaisukuma upande wangu wa meza.

Harusi ilikuwa nzuri. Mvua ilisubiri. Shada lilikuwa la waridi nyeupe na majani ya kangaga niliyoyakata mwenyewe nyuma ya nyumba. Tulipotoka kanisani wasichana walijipanga kwa ajili ya kulidaka, Mavis mbele, viwiko tayari. Rhoda akawapita wote, akaja kuniwekea shada mikononi.

"Hee! Bibi anaolewa na nani?" Mavis akapiga kelele, na watu wakacheka, nami nikacheka.

"Alhamisi, Bibi," Rhoda akaninong'oneza, akaenda zake. Bi Entwistle alikuwa tayari ameketi kiti cha mbele, mkoba juu ya mapaja. Alimwinukia bibi harusi kidogo, akakikunja kiti, Rhoda akajipenyeza nyuma na gauni lake lote, kisha kiti kikarudi mahali pake.

Maua niliyahifadhi kabatini penye baridi, katika beseni la maji, nikiyabadilishia maji kila asubuhi. Alhamisi nikavaa koti la mvua, nikapanda basi, nikateremka, nikapanda jingine. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyokupa sababu ya kufungua mwavuli. Thornbeck haijabadilika. Niling'oa magugu, nikasugua jina la Hilda kwa kitambaa, nikajaza maji chupa ya jamu, nikayapanga maua. Nikamwambia kwamba bintiye ameolewa. Sikumwambia zaidi.

Ukuta wa makaburi ni mfupi, unanifika kiunoni, na barabara iko papo hapo upande wa pili. Ndiyo barabara ya Wharfeton, ingawa siku zile za ramani mezani hakuna aliyelitaja hilo. Mchungaji mmoja wa kondoo alikuwa akivusha kundi lake, na magari yalisimama. La kwanza lilikuwa kigari cha kijani, bampa ya waya.

Walikuwa karibu kiasi kwamba niliuona unyoya wa kofia mpya ya Bi Entwistle. Rhoda alikuwa nyuma, paji la uso kwenye kioo. Aliniona. Akayaona maua. Akaweka mkono begani kwa Norman, na midomo yake ikasema neno.

Norman hakugeuka kumtazama mkewe. Alimtazama mama yake.

Bi Entwistle alitazama mbele, wale kondoo. Kisha akatazama saa yake. Mlango ulikuwa wake, na kiti kilikuwa chake. Ili Rhoda atoke, ilibidi yeye ainuke.

Kondoo kwetu hawana haraka. Walipita wote, na mbwa akapita, na mzee akainua fimbo kushukuru. Rhoda akainua mkono wake, kiganja wazi kwenye kioo, nami nikainua wangu wenye udongo. Gari likaondoka.

Walirudi Jumapili wakanipitia. Bi Entwistle alirudi kuketi garini kwa ajili ya goti, akateremsha kioo.

"Tumefurahi mno! Nimeshamwambia mke wa mkulima atuwekee vyumba vyote viwili mwakani!"

Rhoda alikuwa amesimama kwenye kizingiti changu, pete kidoleni. Ilibidi mama mkwe wake ainuke ndipo yeye ashuke, na hilo lilikuwa limewezekana.

"Ilikuwa nzuri, mwanangu?"

"Nzuri sana, Bibi."

Nyuma yake vilima vilionekana vizuri. Kesho yake mabomba ya moshi ya viwanda yangeanza tena.

"Kondoo walikuja kuyala?" akauliza.

"Nilipoondoka yalikuwepo."

Akaitika kwa kichwa. Honi ikapigwa mara moja, kwa upole, naye akarudi garini kungoja kiti kikunjwe.