Mashua Namba Sitini na Moja

Maren Eisnor alikuwa na miaka kumi na saba, na mji mzima wa Lunenburg ulikuwa umemvimbisha kichwa. Picha yake ilibandikwa dukani, kanisani, mpaka mlangoni kwa daktari wa meno. Jumamosi hiyo asubuhi alishinda mbio za mashua za ghuba nzima, na saa kumi alasiri angetangazwa baharia kijana bora wa mkoa. Nafasi ya timu ya taifa ilikuwa nje nje.

Kitu kimoja tu kilimkereketa. Kwenye boya la mwisho, ndani ya ukungu mzito, bega lake la kushoto lilisugua boya. Sheria inajulikana hata na watoto wadogo wa klabu: ukiligusa, unazungusha mashua yako duara moja papo hapo, hata kama hakuna aliyekuona. Maren hakuzunguka. Alijiambia hakuna mtu aliyemwona, akasonga mbele.

Saa tisa Bi Verna Tanner, katibu wa kamati ya mbio, aliokota fomu ya malalamiko mezani. Ilikuwa imelowa chapachapa.

"Namba sitini na moja anamshtaki Maren," alisoma. "Eti bega la kushoto limegusa boya."

Kocha Lloyd Knickle akaangua kicheko. "Sitini na moja ipi? Leo zimetoka mashua ishirini, na hiyo haimo! Wivu huo, Bi Verna. Tupa huko!"

Bi Verna hakuitupa. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Huu mwandiko wa Hollis," alisema. "Mdogo wangu."

Klabuni kila mtu alikijua kisa hicho. Miaka arobaini nyuma Hollis alikuwa anaongoza, akaligusa boya kwenye ukungu, akageuka kuzunguka duara lake peke yake. Mashua yake, namba sitini na moja, ilipatikana, yeye hakupatikana. Kombe akapewa mwingine, na Hollis hakuna aliyempigia makofi.

Maren, aliyesimama kando ya Kocha, alisikia yote. Habari za bega hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake.

Ilipofika saa kumi ukumbi wa klabu ulifurika watu, na ukungu ulikuwa umeziba madirisha yote.

"Tabasamu, binti!" Kocha alimnong'oneza. "Timu ya taifa hiyo, usiniangushe."

Maren akapewa kipaza sauti.

"Niligusa boya," alisema. "Sikuzunguka. Ushindi huu si wangu."

Mtu mmoja akacheka, halafu makofi.

"Mnaona unyenyekevu huo?" Kocha alipaza sauti. "Utampata wapi mtoto kama huyu!"

Watu wakasimama, wakamshangilia mara mbili ya mwanzo. Maren alitaka kulia kwa hasira. Alishuka jukwaani, akachukua kalamu mkononi mwa Bi Verna, na pembeni ya jina lake kwenye karatasi ya matokeo akaandika: amejitoa. Akatia sahihi. Baharia akishajitoa mwenyewe, hakuna kamati ya kumrudisha.

Makofi yakafifia, safu baada ya safu. Yakabaki ya mtu mmoja, ya taratibu, ya viganja vilivyolowa maji, kule nyuma karibu na mlango, na pale mlangoni hapakuwa na mtu.

Bi Verna akasimama. Akaugeukia mlango, naye akaanza kupiga makofi.